Nafasi ya Kwanza ya Namba Saba

Kama una bafle, ile spika kubwa, inayokohoa, ampli inayonuka moshi, au redio iliyoamua kutoa mikwaruzo tu, pale mtaa wa Kenya, Lubumbashi, watakuelekeza kwa Ruben. Unafuata barabara ya soko, unapita kanisa la kwanza, la pili, na la tatu lenye bati jipya, halafu unaona kibanda cha mbao kilichotundikwa spika zilizokufa kuanzia chini hadi juu. Ndani ameketi mwanaume wa miaka arobaini na mbili, mrefu, magoti yamekaribia kidevu kwa sababu kibanda ni kifupi. Sikio lake la kulia limelazwa kwenye mashine kama daktari anayesikiliza mgongo wa mtoto.

Ungedhani mtu anayeshinda katikati ya makelele namna hiyo angetaka kimya tu akimaliza kazi. Ruben hapana. Akishaweka chini chuma chake cha kulehemu anavaa kasiki zake za masikioni, zile alizozitengeneza mwenyewe kwa vipande vya kasiki tatu tofauti, anafungua simu na kuingia Masikio.

Masikio lilikuwa grupu la WhatsApp. Watu kumi na wawili waliomaliza shule pamoja, sasa wametawanyika: wengi hapa hapa Lubumbashi, wengine Likasi na Kolwezi, mmoja kavuka mpaka, yuko Ndola. Kila mwezi walifanya shindano la nyimbo. Halikuwa na kombe wala zawadi. Mshindi alipata tu haki ya kutamba mpaka mwezi unaofuata. Kila mtu alimtumia Estelle wimbo mmoja kwa siri, wa msanii yeyote au wake mwenyewe. Estelle alikuwa mwalimu wa hesabu kule Kampemba, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kubishana na jumla zake. Alifuta majina, akaziwekea nyimbo namba, akazirusha kwenye grupu siku ya Jumapili. Yeye mwenyewe hakushindana wala kupiga kura, maana alijua siri ya kila mmoja. Wale kumi na mmoja waliobaki walikuwa na siku tano. Ijumaa jioni kila mmoja awe amezipanga nyimbo kumi za wenzake kuanzia ya kwanza hadi ya kumi, na chini ya kila wimbo aandike maneno yake: nini kimempendeza, nini kimemuudhi.

Kwenye hayo maneno ndipo Ruben alipoumwa kichwa kila mwezi.

Yeye alisikiliza kila wimbo mara tatu. Mara ya kwanza alisikiliza tu, mara ya pili aliandika, mara ya tatu aliangalia kama hakuonea mtu. Aliwahi kuandika: "Ngoma imeketishwa sebuleni kama mgeni, sauti imeachwa jikoni." Mwezi mwingine: "Mwimbaji huyu anaomba msamaha kabla hajakosa." Alikuwa anafurahi akipata sentensi kama hiyo, anatabasamu peke yake na bisibisi mdomoni. Kisha anafungua kuona wenzake wameandika nini.

"Muzuri sana."

"Inagusa."

"Mungu abariki kazi ya mikono."

Franck, anayeuza vipuri vya pikipiki, aliandika sentensi moja kwa nyimbo zote kumi, akibadilisha namba tu. Mwezi mmoja hata namba alisahau kuibadilisha, wakawa na namba mbili kumi nzima.

"Bandugu," Ruben aliandika siku hiyo, "kama kila kitu iko muzuri, sasa tunapanga nini?"

"Ruben, weye uko na masikio ya polisi," Franck akajibu. "Unatafutaka kosa mpaka kwa nyimbo ya Noeli."

Wakacheka wote, vichwa vya manjano vinavyotoa machozi vikajaa kwenye kioo, na mambo yakabaki vilevile.

Sasa, mwezi wa sita, Ruben alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakutafuta wimbo wa mtu. Alituma wake.

Alikuwa ameutunga miaka sita iliyopita na hakuna binadamu aliyeusikia mzima. Ulihusu mtu anayetengeneza sauti za wengine mchana kutwa, na akifika kwake hana la kusema. Aliurekodi kwa simu siku ya Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, kabla soko halijaamka, gita likiwa limebanwa kati ya kifua na meza ya kazi. Kwenye ubeti wa pili, ule wa mwisho, jogoo wa jirani aliwika. Akaurudia. Jogoo akawika tena, palepale, kama aliyelipwa. Mara ya tatu Ruben aliimba haraka kidogo ili amtangulie, na huo ndio aliomtumia Estelle.

Kwa nini asimwulize mtu tu uso kwa uso? Hebu mwulize rafiki yako: wimbo wangu mzuri? Atasema ndiyo, kisha atauliza mko na chai. Mke wake, Mwelwa, alikuwa akisikia vipande kupitia ukuta na aliviita "ile nyimbo yako ya mbu". Lakini namba haina uso. Namba saba haina mke wala kazi, wala haikurekebishii redio kwa bei ya udugu. Mtu anaweza kuiambia namba saba ukweli. Na Ruben alikuwa na haja kubwa ya ukweli, kwa sababu mwezi wa nane mdogo wake Musonda alikuwa anaolewa, na Ruben alikuwa amejiapia hivi: kama Masikio watauweka wimbo huu katika tano za kwanza, ataupiga mbele ya watu kwenye harusi. Kama utaanguka chini, atampa gita mtoto yeyote anayelitaka na hataligusa tena.

Jumapili nyimbo zikatoka. Yake ilikuwa namba saba.

Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Jumatano mchana, Ruben akiwa anachomelea waya ndani ya kinanda cha kanisa, simu ikatetemeka. Ujumbe wa Clément kwenye grupu:

"Namba 7, musipite mbio."

Ruben akajichoma kidole. Hakusikia hata maumivu. Clément! Clément ambaye ni mkubwa katika kampuni moja ya machimbo, anakaa Makomeno katika nyumba yenye miti miwili mbele, ambaye huwa haandiki kitu isipokuwa salamu za Krismasi. Clément hakuwa mtu mbaya, na hiyo ndiyo ilikuwa tabu yenyewe. Kwenye kila matanga alifika wa kwanza na gari lake. Watoto wa wenzake watatu walipata kazi kwa neno lake. Kila mwanzo wa shindano aliwatumia watu megas za intaneti ili wavute nyimbo. Na sasa mtu kama huyo amesimama kwenye grupu, hajui namba saba ni ya nani, na anawaambia watu wasipite mbio! Siku ile Ruben aliimba kwa sauti ndani ya kibanda, mpaka mama wa nyanya aliyekuwa ng'ambo akauliza kama kuna mtu amezaliwa.

Jumamosi saa nane ndiyo ilikuwa saa ya kusoma kura. Estelle huzisoma kwa jumbe za sauti kwenye grupu, mpiga kura mmoja mmoja, na watu wote wanasikiliza wakiwa walipo. Ruben alifunga mlango wa kibanda. Kanisa lenye bati jipya walikuwa wanafanya mazoezi ya kwaya, tena na bafle alizotengeneza yeye, kwa hiyo aliyemkera alikuwa ni mkono wake mwenyewe. Akabana kasiki masikioni kwa viganja viwili.

Kura ya kwanza: "Namba saba, nafasi ya kwanza. Anasema: nyimbo ya muntu mwenye kuona mbali."

Ruben akafumba macho.

Kura ya pili: "Namba saba, ya kwanza. Anasema: ni ya juu kabisa."

Kura ya tatu ilikuwa ya Victorine, anayeuza unga na mafuta kule Kolwezi. "Namba saba, ya ine," Estelle akasoma, na akaendelea na maneno mengi ya Victorine, lakini Ruben alikwisha kuudhika. Ya nne! Kolwezi wanajua nini? Kwaya nao wakapandisha sauti, akaona afadhali.

Kura iliyofuata: ya kwanza. "Unasikia kabisa kama anayeimba amezoea kuongoza bantu."

Hapo Ruben akafumbua jicho moja. Kuongoza watu? Wimbo mzima unahusu mtu aliyeshindwa kuongea na mke wake.

Nyingine: ya kwanza. "Sauti ya mukubwa. Mungu amuongezee cheo."

Cheo?

Kabla hajaelewa, Franck akampigia pembeni, akicheka, nyuma yake pikipiki zinanguruma.

"Ruben, unasikia vile inaenda? Weye ulimuweka mukubwa ya ngapi?"

"Mukubwa gani?"

"Eh! Usifanye kama haujue. Clément! Namba saba iko yake."

"Nani alikuambia?"

"Yeye mwenyewe alituambia. Hakusema musipite mbio? Muntu anasifuka mutoto wa jirani? Anasifuka wake. Miye nilimuweka ya kwanza palepale, juu mudogo wangu anangoja jibu ya kazi."

"Franck. Uliisikiliza?"

"Nini?"

"Nyimbo."

"Ruben, kaka, sikia. Nilisoma namba."

Ruben akakata simu. Alikaa hivyo hivyo, magoti kwenye kidevu, huku Estelle akiendelea kwa ile sauti yake ya darasani: namba saba, ya kwanza, namba saba, ya kwanza. Nafasi za kwanza nane! Hakuna mwezi ambao wimbo ulipata nane. Na kila moja ilimwingia kama msumari kwenye ubao uliooza, haishiki popote. Fikiria mwenyewe: umengoja miaka sita mtu akuambie ukweli, halafu watu wanane wanakusifu na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaongea na wewe.

Kura ya mwisho ilikuwa ya Clément.

"Clément," Estelle akasoma, na safari hii hata sauti ya darasani ilitikisika kidogo. "Namba saba, nafasi ya munane. Anasema: sawa tu, ndefu."

Grupu zima likaganda. Hakuna anayeruhusiwa kupanga wimbo wake mwenyewe. Kwa hiyo kama Clément ameipanga namba saba, na tena ya nane, basi namba saba si ya Clément. Ungeweza kusikia vichwa vinane vikifanya hesabu hiyo kwa wakati mmoja. Juu ya kioo ikaonekana mtu anaandika, akaacha. Mwingine anaandika, akaacha.

Clément mwenyewe akatuma sauti.

"Ngoja kwanza. Nani alisema saba iko yangu? Miye yangu iko sita! Siku ile nilitaka kuandika sita, kidole ikateleza, njo nikaacha tu hivyo, nikasema watajua. Estelle, na sita imefika ya ngapi?"

"Ya kumi na moja," Estelle akasema.

"Kati ya ngapi?"

"Kumi na moja, Clément."

Halafu Estelle, ambaye tangu Jumatano alikuwa anajua kila kitu na sheria ilimfunga mdomo, akatangaza kwa utulivu wa mtu anayefuta ubao: "Namba saba iko ya Ruben. Ameshinda. Hesabu iko hesabu."

Sasa ndipo ungecheka, kama si wewe Ruben. Franck ndiye alikuwa wa kwanza: "Ruben! Félicitations! Miye nilijua tu!" Yule wa kuona mbali akaandika kwamba kwa kweli alikuwa amechanganya saba na tisa. Yule wa cheo akauliza kwa heshima kama kura zinaweza kurudiwa, kwa kuwa mwezi huu kulikuwa na vurugu kidogo. Watu wawili wakaanza kumwambia Clément kwamba namba sita nayo, ukiisikiliza vizuri, ina kitu.

Ruben aliandika neno lake moja: "Nani alisikiliza?"

Akangoja. Mtu akatuma kidole gumba.

Alifunga kibanda mapema, akaacha kinanda cha kanisa tumbo wazi, akaenda nyumbani kwa miguu. Mwelwa alikuwa uani anapepea makaa, sufuria ya sombe, yaani kisamvu, pembeni, na sura ya mumewe ikamfanya aache kupepea.

"Baba Daniella, ni nini? Ampli imekupiga tena?"

"Nimeshinda."

"Umeshinda, njo unanuna hivyo?"

"Balimushindisha Clément. Miye nilisimama tu pale iko jina yake." Akamweleza yote, akitembea toka mlangoni hadi ukutani na kurudi, mikono ikichora hewani. Mwelwa alisikiliza mpaka mwisho. Kwenye "kati ya ngapi" alijizuia akashindwa, akacheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa.

"Cheka," Ruben akasema. "Wote banacheka."

"Sasa unataka nini? Benzako bamekupa ya kwanza. Chukua."

"Nataka kujua kama iko muzuri! Weye uliisikiaka, ukuta haina kitu. Sema kweli. Iko namna gani?"

Mwelwa akafikiri. Unaweza kuona kwamba alifikiri kweli, upepeo umesimama hewani.

"Iko yako," akasema.

"Hiyo si jibu, Mama Daniella!"

"Njo jibu niko nayo. Nipishe, sombe inaungua."

Ruben akaketi kwenye ngazi ya mlango, amekasirika na dunia nzima: na Clément na kidole chake, na Estelle na sheria zake, na mke wake, na jogoo. Zaidi alijikasirikia mwenyewe, kwa ile furaha ya Jumatano. Akafungua orodha ya kura, ile Estelle aliyoituma kwa maandishi baada ya kusoma, ili angalau ajiumize vizuri. Wa kuona mbali. Wa juu kabisa. Wa kuongoza. Halafu macho yakafika kwa Victorine, kwenye ile ya nne aliyoiruka kwa hasira, na chini yake palikuwa na mistari ambayo masikio yake hayakutaka kuipokea mchana.

"Gita inaongea vizuri kuliko muntu. Mwanzo unanishika. Lakini kwa kipande cha pili maneno iko mingi kuliko pumzi, anafika mwisho anakimbia kama muntu anafukuzwa. Akate mistari mbili, ile ya redio ya marehemu. Atapumua. Ningemuweka ya pili."

Alisoma mara tatu. Na ya nne, hata kwa hasira, ilikuwa ndani ya tano alizojiapia. Kisha akapiga simu Kolwezi.

"Victorine, ni Ruben."

"Eh, mushindi! Nilisoma sasa hivi. Nimecheka mpaka mukiriya mumoja wa unga amekimbia."

"Weye ulijua ile nyimbo iko ya nani?"

"Ningejua wapi? Simu yangu mutoto alienda nayo Likasi siku ine. Nyimbo nilizitia kwanza kwa carte mémoire, nikasikiliza kwa ka-redio pa meza. Naandika kwa karatasi, napima unga, naandika. Ijumaa simu inarudi, natuma. Hata mambo ya Clément sikuyaona."

"Basi uliandika vile ulisikia."

"Sasa ningeandika nini?" Ikasikika anamimina unga. "Lakini usinifanye mutakatifu, Ruben. Ningesoma ile maneno ya Clément, miye pia ningemuweka ya kwanza. Mutoto wangu anatafuta kazi pale."

Ukweli pekee aliopata mwezi mzima ulimfikia kwa sababu mtoto alisafiri na simu ya mama yake.

"Na ile mistari mbili," akasema hatimaye. "Ile ya marehemu. Njo naipenda kuliko zote."

"Najua. Inasikika. Njo inakuua. Ngoja, muntu anataka kilo mbili." Na simu ikakatika.

Alichukua gita nyuma ya mlango. Mwelwa alimwangalia, hakusema mbu, akamsogezea tu kigoda. Ruben aliimba ubeti wa pili kama ulivyokuwa, kwa makusudi, ili ashinde ubishi:

*Nimefunga waya ya kanisa, nimefunga waya ya bar,*
*nimefunga redio ya marehemu, mjane wake aisikie,*
*aisikie ikiongea kama yule hajaenda...*

na kabla ya mstari wa mwisho, ule wa mlango wa nyumba, kifua kikawa kitupu, maneno yakakanyagana mlangoni. Muda wote huo alikuwa anamlaumu jogoo kwa ile haraka.

Akatukana kidogo, kwa Kifaransa, kwa sababu ya watoto. Akaanza tena. Safari hii alitoka kwenye bar moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa nyumba, akampita mjane na redio yake bila kumsalimia, na ilimuuma kama kumpita shangazi barabarani. Akafika kwenye neno la mwisho la ubeti, akalishikilia, akaliacha litue taratibu.

Pumzi ilikuwa imebaki. Ruben akaikasirikia ile pumzi. Akaupiga ubeti tena.